Baiskeli kwa Wasioweza Kutembea: Kazi ya Kujitolea Tunayoweza Kujifunza



Karibu kila kambi ya shamba la miwa au la chai, na karibu kila mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, una mtu wa namna hii. Alifanya kazi miaka mingi. Alikata, alibeba, alisimama mbele ya mashine. Kisha mgongo ukakataa, au mguu ukanaswa, au uzee tu ukamfikia. Sasa kutwa huketi mlangoni. Zamani alijulikana kiwanda kizima. Leo anaowaona ni wale wapitao mbele ya nyumba yake. Chakula anapata, pengine na dawa. Anachokosa ni njia ya kutoka.

Katika toleo hili twataka kueleza jinsi watu wa nchi ya Denmark walivyolishughulikia jambo hili kwa chombo tunachokijua sana, yaani baiskeli. Hatuelezi ili kuwasifu watu wa mbali. Twaeleza kwa sababu kazi yenyewe ni rahisi kufahamika, na ndani yake mna mambo yanayotuhusu sisi wanachama.

Jinsi ilivyoanza

Mwaka 2012, katika mji wa Copenhagen, mtu mmoja aitwaye Ole Kassow alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Njiani alimwona mara kwa mara mzee mmoja ameketi kwenye benchi, na kando yake kigari cha kushikia anapotembea. Kassow aliwaza kwamba mzee huyo, kama watu wengi wa nchi ile, bila shaka aliendesha baiskeli tangu utoto. Nia ya kwenda huenda anayo bado. Kilichomwishia ni nguvu za miguu.

Basi Kassow akakodi riksho ya baiskeli, akaenda kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu, akauliza kama kuna anayependa kutembezwa. Akapatikana mama mmoja mzee, wakazunguka mjini. Baada ya huyo, wengine nao wakataka. Kassow akaiandikia halmashauri ya mji. Mfanyakazi wa halmashauri, Dorthe Pedersen, alilipokea wazo hilo kwa moyo, na halmashauri ikanunua riksho 5 za kwanza.

Huo ndio mwanzo wa chama kiitwacho Cykling uden Alder, maana yake kuendesha baiskeli bila kujali umri. Tangu hapo kimeenea katika nchi nyingi za Ulaya, Amerika na Asia. Wanachama wake husema kwamba kupigwa na upepo usoni ni haki ya kila mtu, hata yule ambaye miguu yake imemwacha.

Chombo chenyewe

Riksho hii ina magurudumu matatu: mawili mbele na moja nyuma. Kati ya magurudumu ya mbele kuna kiti cha watu wawili, chenye mkanda wa kufunga, mahali pa kuwekea miguu, na kifuniko cha kukinga mvua. Mwendeshaji hukaa nyuma yao. Mpango huo una sababu. Abiria huona njia yote iliyo mbele, wala si mgongo wa mtu. Na mwendeshaji, kwa kuwa kichwa chake kiko karibu na vichwa vyao, huweza kuzungumza nao bila kupiga kelele, tena humwona upesi anayesinzia au anayeona baridi.

Watu wawili ni mzigo mzito, hasa penye mwinuko. Kwa hiyo riksho nyingi zina mota ndogo ya umeme inayotumia betri. Mota hiyo haifanyi kazi peke yake kama ya pikipiki. Humsaidia mwendeshaji anapokanyaga pedali. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya baiskeli za namna hii huruhusu mota ya wati 250, na msaada wake sharti ukome mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Hata hivyo riksho hizi huenda polepole zaidi ya hapo. Sababu moja ni usalama, maana chombo cha magurudumu matatu kikikata kona kwa kasi huweza kuinuka upande mmoja. Sababu ya pili ni kwamba hakuna haraka ya kufika popote. Shabaha ni safari yenyewe, na mazungumzo ya njiani.

Kwa yule asiyeweza hata kuinuliwa kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, kuna baiskeli yenye jukwaa la chini mbele. Kiti chake hupandishwa juu ya jukwaa, kikafungwa imara, safari ikaanza. Na kwa kipofu mwenye miguu mizima, iko baiskeli ya watu wawili: mwenye kuona hukaa mbele na kushika usukani, kipofu hukaa nyuma na kukanyaga pedali zake kama mwenziwe. Huyu habebwi, naye ni mwendeshaji.

Kazi inavyopangwa

Waendeshaji ni watu wa kujitolea, na wao hujiita marubani. Hawalipwi. Wako wanafunzi, wako waliostaafu, wako wafanyakazi wanaotoa saa moja au mbili baada ya zamu. Mtu haruhusiwi kuchukua abiria mara tu anapojitolea. Kwanza hufundishwa na aliyemtangulia: kufunga mikanda, kutumia breki ya kuegesha kabla abiria hajapanda, kupinda kona, na kuchukua watu wazima wenzake kwa majaribio.

Abiria ndiye huamua kama anataka kwenda, na aghlabu huulizwa angependa kupita wapi. Mara nyingi watu hutaka kuona nyumba walimozaliwa, bandari, au kiwanda walichofanyia kazi. Mtu ambaye ndani ya nyumba ya wazee alikaa kimya, akifika kwenye lango la kazi yake ya zamani huanza kueleza. Hapo yeye ndiye mwalimu, na kijana aliye nyuma ndiye mwanafunzi.

Mambo mawili ya kuangalia

Sisi wa chama hatuwezi kusifu kazi ya kujitolea bila kuuliza maswali. La kwanza: je, kazi hii haiwanyang'anyi wengine mshahara? Jibu linategemea mpaka uliowekwa. Kumwosha mgonjwa, kumpa dawa, kumwinua kitandani, hizo ni kazi za watumishi waliofundishwa, nao sharti walipwe. Kumtembeza mtu kwa furaha yake na kuongea naye ni jambo la jirani kwa jirani. Mwajiri yeyote akitaka kupunguza watumishi kwa kisingizio kwamba wako watu wa kujitolea, basi mpaka umevukwa, na wafanyakazi wana haki ya kukataa.

La pili: wema si badala ya haki. Mfanyakazi aliyeumizwa na mashine anastahili fidia kwa mujibu wa sheria. Kumpandisha kwenye baiskeli siku ya Jumapili hakulipi deni hilo hata senti moja. Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 20 ya mkataba huo yahusu uwezo wa mtu kwenda atakako, na ibara ya 30 yahusu kushiriki katika utamaduni, burudani na michezo. Kwa hiyo kutoka nje si sadaka anayopewa mtu. Ni haki iliyoandikwa.

Tena yafaa tujue kwamba kule Denmark riksho hizi zilikuta njia tayari. Copenhagen ina mamia ya kilomita za njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Hazikuota zenyewe. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda, na katika miaka iliyofuata wapanda baiskeli kwa maelfu waliandamana mjini wakidai njia zao. Kilichomwezesha mzee wa leo kutembezwa kwa salama ni madai ya pamoja ya watu wa jana.

Na kwetu je?

Hatuna haja ya kusubiri riksho ya mota, ambayo bei yake ni kubwa. Baiskeli si ngeni kwetu. Boda boda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, mtu akibebwa kwenye keria yenye mto. Huko Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa kwa kivuko kwa miaka mingi wakitumia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wachomeaji wetu wanajua kuunga bomba, na mafundi wetu wanajua spoku na mnyororo. Ila keria haimfai mtu asiye na nguvu za kujishikilia. Kwake sharti kiwepo kiti chenye egemeo na mkanda.

Kila tawi linaweza kuanza na daftari. Tuandike majina ya wenzetu waliostaafu na walioumia wasioweza kutoka. Tuwatembelee, tumwulize kila mmoja: "Mzee, ungependa kufika wapi?" Pengine atajibu sokoni, pengine msikitini au kanisani, pengine kwenye mkutano wetu, ambao hajauhudhuria tangu siku alipoumia. Baada ya hapo ndipo tutafute chombo cha kumchukua. Kadi yake ya uanachama bado anayo, na nafasi yake kwenye benchi la mkutano ni yake.