Wati za Joto na Wati za Umeme: Dhana ya Ufanisi katika Jenereta za Isotopu Nunurifu

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi wangu wa uzamili aliandika kwamba gari la utafiti liitwalo Curiosity, lililotua katika sayari ya Mirihi mwaka 2012, lilibeba jenereta yenye nguvu ya wati 2000. Ukurasa uliofuata alieleza kwamba jenereta hiyo hiyo ilitoa wati 110. Tarakimu zote mbili ni sahihi kwa makadirio. Kilichokosekana ni neno la kubainisha: wati 2000 ni za joto, wati 110 ni za umeme. Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano wa viwango hivyo viwili, kwani hapo ndipo dhana ya ufanisi inapokaa, na ndipo wafasiri tunapojikwaa.

Jenereta ya isotopu nunurifu si kinu cha nyuklia, wala si betri ya kuchajiwa. Ndani yake mna plutoniamu-238, ambayo atomu zake huvunjika zenyewe na kutoa chembe za alfa. Chembe hizo hunaswa papo hapo ndani ya fueli, na nishati ya mwendo wake hugeuka joto. Joto hilo hupita katika jozi za semikondakta zenye upande wa moto na upande wa baridi; tofauti ya halijoto baina ya pande hizo ndiyo isukumayo mkondo wa umeme. Msingi wa tukio hili uligunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosuguana.

Ufanisi wa ugeuzaji ni wati za umeme zikigawanywa kwa wati za joto. Kwa Curiosity ni 110 kwa 2000, yaani asilimia 5.5. Hapa ndipo lugha inapotuponza. Katika mazungumzo ya kawaida ufanisi ni sifa, hivyo asilimia 5.5 husikika kama aibu. Katika fizikia ni uwiano tu. Jenereta ya Stirling, yenye pistoni, ilikusudiwa kugeuza zaidi ya robo ya joto lake kuwa umeme. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la NASA la Marekani lilisitisha uundaji wake kwa ajili ya safari, kwa sababu za bajeti. Kwa chombo ambacho hakuna fundi atakayekifikia, udumifu huweza kuwa na uzito kuliko uwiano.

Uwiano wenyewe, tena, haudumu. Kila chombo cha Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, kilikuwa na jenereta tatu zilizotoa kwa jumla takriban wati 470 za umeme kutokana na wati 7200 hivi za joto: asilimia 6.5. Nusumaisha ya plutoniamu-238 ni miaka 87.7. Kwa hiyo mwaka 2011, baada ya miaka 34, joto lilikuwa limebaki kiasi cha asilimia 76. Umeme, kwa upande wake, ulikuwa umeshuka hadi wati 268 hivi, yaani asilimia 57. Pengo hilo halielezwi na fueli, bali hasa na semikondakta, ambazo hudhoofika kwa kukaa miaka mingi katika joto kali. Ufanisi ulikuwa umefikia karibu asilimia 4.9.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameandika pia kwamba “nguvu ya jenereta hupungua kwa kadiri fueli inavyopungua.” Kwa wati za joto, kauli hiyo inasimama. Kwa wati za umeme, haisimami.