Bei ya Paa Masisi na Walikale Hupangwa Barabarani

Anayetaka kuezeka upya nyumba yake Masisi au Walikale, Kivu ya Kaskazini, huanza kwa kuuliza bati moja ni dola ngapi. Ni swali la haki, lakini bati hilohilo lililopakiwa Goma kwa bei moja hufika Nyabiondo na bei nyingine, na likifika Njingala bei imebadilika tena. Chuma ni kilekile. Kilichoongezeka ni tope, vizuizi na mabega ya watu.

Mabati mengi ya Kivu ya Kaskazini hutoka nje. Chuma hushushwa Mombasa, hutengenezwa katika viwanda vya Kenya na Uganda, kama vile Uganda Baati ya Kampala, kisha huingia Kongo kwa mpaka wa Bunagana au kwa njia ya Rwanda hadi Goma. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wafanyabiashara wengi walitumaini ushuru ungepungua. Mwaka huohuo, mwezi Juni, kundi la waasi la M23 likatwaa Bunagana. Januari 2025 likaingia Masisi-kati na Goma. Benki za Goma zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, dola taslimu zikawa adimu. Mwenye duka asiye na benki hawezi kumkopesha mteja kama zamani, kwa hiyo pesa ya paa lazima iwe mkononi kabla bati la kwanza halijapakiwa.

Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita zipatazo 25 za barabara nzuri. Baada ya Sake milima huanza, na lori la Fuso lililobeba mabati, saruji na chumvi linaweza kulala matopeni siku kadhaa. Kila kizuizi nacho kina ushuru wake wa kujipangia. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu zote mbili. Anayevuka mstari wa mapigano hulipa upande huu na hulipa tena upande wa pili, na dereva hagawi hasara hiyo na mtu mwingine isipokuwa mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo mimi nashauri watu wahesabu paa kwa mabati na kwa kilo kwanza, dola zije baadaye. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6 yenye paa la mteremko pande mbili na upenu wa nusu mita. Bati la kawaida lina mita 3, na likishapandanishwa na mwenzake hufunika upana wa sentimita 75 hivi. Paa likiinuliwa nyuzi 30, linakula mabati 36, bila ya kofia ya juu. Fundi akililaza hadi nyuzi 15, yanatosha 32. Mafundi wengi humpendekezea mteja paa la chini kwa sababu ya mabati hayo manne, na mteja hufurahi. Tatizo huja na mvua za Masisi, zinazoletwa na upepo kutoka ubavuni: kwenye paa lililolala, maji husukumwa kurudi juu kupitia maungio, na dari ya matete huoza pembeni kabla ya mwaka kuisha. Mabati manne ni bei ndogo.

Unene ndio mahali watu wanapoumizwa zaidi. Dukani utasikia BG 28, BG 30, BG 32; kadiri namba inavyopanda, bati linakuwa jembamba. BG 28 ni kama milimita 0.4, BG 32 ni kama robo milimita. Namba iliyopigwa chapa haiaminiki kila mara, na mteja wa kawaida hana chombo cha kupimia unene. Ana mizani. Bati la BG 28 la mita 3 lina uzito wa kilo nane na nusu hivi. La BG 32 halifiki kilo sita. Omba lipimwe mbele yako kwenye mizani ya maharage ya jirani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa paa letu la mabati 36, BG 28 ni karibu kilo 300, na BG 32 haifiki 200. Hapo ndipo tamaa ya bati jembamba inapoingia, maana mzigo mwepesi hupunguza malipo ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) na ya wabebaji. Lakini tuangalie maisha ya bati lenyewe katika nchi hii. Watu wa Kitchanga, wa Mweso, wa Sake wamekimbia zaidi ya mara moja. Wenye nafasi hung'oa mabati kabla ya kuondoka, na kuyaficha kwa ndugu au kuyazika shambani. Mapema 2025, kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa, familia nyingi zilirudi Masisi zikakuta kuta zimesimama na mabati yameshaibwa. Kwa hiyo bati hapa ni akiba, kama ng'ombe alivyo akiba kwa mfugaji. Bati la BG 32 liking'olewa hupasuka kwenye matundu ya misumari, na mara ya pili halifai ila kuzibia choo. BG 28 huvumilia kung'olewa na kupigiliwa tena. Anayeweza kupata skrubu badala ya misumari azitumie, maana hutoka bila kurarua. Nyumba ya vyumba viwili vilivyoezekwa kwa bati nene na cha tatu kikingoja chini ya shitingi (turubai) ni uwekezaji wa busara zaidi kuliko vyumba vitatu vya bati jembamba.

Yuko adui mwingine ambaye muuzaji hamtaji. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira mara nyingi husukumwa na upepo kuelekea magharibi, juu ya Rusayo, Sake na vilima vya Masisi. Gesi ya salfa ikikutana na mvua huwa asidi, na asidi hula zinki inayolinda chuma. Katika vijiji hivyo bati jembamba lenye zinki haba huanza kutu mapema sana, likianzia kwenye maungio ambako maji hutuama. Lenye mchanganyiko wa alumini na zinki hustahimili zaidi, na kwa mtu wa upande huo tofauti ya bei inalipika. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, yasiingie kwenye pipa la kunywa, kwa sababu moshi huohuo huacha floridi juu ya paa.

Ndugu zetu waliohamia Kanada na kaskazini mwa Marekani wana hesabu tofauti: theluji hulala juu ya paa, na uzito wake ndio huamua unene wa mbao. Theluji ya jimbo letu iko juu ya Ruwenzori tu, kwenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, ambako hakuna nyumba. Masisi tuna mvua ya mawe. Huyeyuka upesi na uzito wake haudumu, ila hubonyeza bati jembamba na kubandua rangi, na kila kibonyeo huhifadhi maji.

Mbao Masisi si shida, mikaratusi imejaa. Shida ni mbao mbichi. Mkaratusi uliopasuliwa jana hujikunja ukikauka, unavuta misumari, na bati linaanza kupiga kelele upepo ukija. Nunua mbao miezi miwili mitatu mapema, zipange kivulini, zipake mafuta machafu ya gari dhidi ya mchwa. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, na chini ya kofia yake iwekwe raba. Mafundi hukata raba hizo kwenye kandambili chakavu au tairi la ndani la pikipiki. La pikipiki hudumu zaidi juani.

Walikale mambo hugeuka. Msitu unatoa libuyu, mbao imara, karibu na mlango wa nyumba, lakini bati liko mbali mno. Hata madini zamani yalitoka kwa miguu: wabebaji walitembea kilomita zipatazo 45 kutoka mgodi wa Bisie hadi Njingala na kilo 50 za kasiteriti (madini ya stani) mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara Kilambo kuichukua. Leo mgodi wa Alphamin hapo Bisie hutoa karibu asilimia 6 ya madini hayo duniani, na familia nyingi za jirani bado hulala chini ya majani ya mangongo. Siyadharau majani hayo. Yakipangwa vizuri hayavuji, nyumba hubaki baridi, na gharama ni siku za kazi tu, ingawa hurudi kila baada ya miaka michache. Kwa mtu wa Walikale, kuezeka chumba cha kulala na ghala kwa bati na kuacha jiko chini ya majani ni hesabu sahihi.

Kuhusu wakati, Masisi hupumua kati ya Juni na Agosti. Fuso hupita, mbao hukauka, fundi hafukuzwi na mvua. Kikundi cha kuweka na kukopa (AVEC) kikikubaliana mapema kugawa akiba Juni, kaya kumi zinaweza kukodi gari moja na kujadiliana kwenye kila kizuizi kwa mzigo mmoja badala ya kumi. Ikifika katikati ya Septemba, gari hilohilo litadai nauli nyingine, ikiwa litakubali kupanda kutoka Sake.