Mafuta ya Chunguni na Mafuta ya Mtambo: Maelezo juu ya Biodizeli na Majina Yake

Katika Kiswahili neno mafuta halina umoja, wala maana yake haina mpaka ulio wazi. Mwenye kukaanga samaki hutia mafuta chunguni. Mwenye kuwasha kandili hutia mafuta ya taa. Mwenye gari husimama kituoni akajaza mafuta. Na mtoto mchanga hupakwa mafuta baada ya kuogeshwa. Kitu kitokacho katika nazi, katika ufuta, katika mkia wa kondoo na katika kisima kilichochimbwa chini ya bahari, chote ni mafuta, na msemaji hupambanua kwa kuongeza neno moja au mawili nyuma yake. Kwa muda mrefu utaratibu huu haukumtatiza mtu, kwa sababu mafuta ya chunguni na mafuta ya mtambo hayakukutana. Siku hizi yamekutana. Iko dizeli ifanywayo kwa mawese, kwa alizeti, kwa mbono, hata kwa mabaki ya mafuta ya kukaangia, nayo huitwa biodizeli. Makala haya yaeleza kitu hicho ni nini, hufanywaje, na kwa nini jina lake lataka uangalifu.

Haifai kudhani kwamba Kiswahili hakikuwa na njia ya kutenga aina za mafuta. Watu wa pwani walikuwa na majina yao kwa kadiri ya kazi zao. Samli ni ya maziwa, na shahamu ni ya mnyama. Shahamu ikichanganywa na chokaa hupatikana deheni, ambayo hupakwa chini ya chombo ili maji na wadudu wasipenye. Sifa ni mafuta ya papa, yapakwayo mbao za chombo. Mawese hutoka katika tunda la mchikichi. Fundi wa jahazi hakuweza kuchanganya sifa na samli, maana kazi yenyewe ilimlazimisha kutofautisha. Yaonekana basi kwamba jina la pekee huzaliwa pale ambapo kosa la kuchanganya vitu lina hasara. Hali ya biodizeli ni hiyo hiyo.

Mtambo wa dizeli ulipata jina lake kwa Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris katika mwaka 1858. Mtambo huu hauhitaji cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ikapata joto kali, kisha mafuta hupulizwa humo kwa matone madogo sana, yakawaka yenyewe. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 mtambo mmoja wa namna hii uliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye, katika mwaka 1912, kwamba jaribio lile lilitokana na haja ya serikali ya Ufaransa, iliyotaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kuendesha mitambo kwa mazao yaliyomea huko huko. Alifariki katika mwaka 1913. Baadaye dizeli itokanayo na petroli ghafi ilipatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na watengenezaji wa mitambo wakairekebisha mitambo yao ili ikubaliane nayo.

Marekebisho hayo ndiyo yaliyofanya mafuta ya mimea yasifae kutiwa moja kwa moja katika mitambo ya leo. Kizuizi chenyewe ni mnato. Mafuta mengi ya mimea, yakipimwa katika joto la digrii 40, yana mnato unaofikia mara 10 ya ule wa dizeli, au kuzidi. Yakifika kwenye nozeli hayatawanyiki vizuri. Hutoka kwa matone makubwa, yasiungue yote, yakaacha masizi na ugumu kama gundi ndani ya silinda. Gari huweza kwenda siku kadhaa bila dalili yoyote, na mwenyewe akadhani kwamba amefaulu, kumbe mtambo unaharibika polepole. Mafuta ya kula si biodizeli, hata yakichujwa mara 10.

Ili mafuta yawe biodizeli hayana budi kugeuzwa asili yake. Kila chembe ya mafuta, yawe ya mmea au ya mnyama, ni kama kiganja chenye vidole vitatu: kiganja ni gliserini, na vidole ni asidi za mafuta. Mafuta yakichanganywa na alikoholi, ambayo aghalabu ni methanoli, pamoja na kichocheo kama vile haidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ya watengenezaji sabuni, kila kidole huachana na kiganja kikashikamana na alikoholi. Hapo chembe moja kubwa na nzito hutoa chembe tatu ndogo, ziitwazo esta, nazo ndizo biodizeli. Kazi hii hufanywa katika joto la karibu digrii 60, chini kidogo ya kiwango ambacho methanoli huchemka. Kwa kila kilo 100 za mafuta huingia karibu kilo 10 hivi za methanoli, na hutoka karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 hivi za gliserini. Gliserini ni nzito, hushuka chini ikatengwa. Kisha biodizeli husafishwa kwa maji na kukaushwa. Yafaa kukumbuka kwamba methanoli ni sumu, na anayeinywa, hata kwa kiasi kidogo, huweza kupofuka au kufa; kwa hiyo kazi hii si ya jikoni.

Ujuzi huu si wa jana, na historia yake yaigusa Afrika. Katika mwaka 1937 Georges Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipewa nchini Ubelgiji hati ya uvumbuzi kwa njia ya kugeuza mafuta ya mimea yafae kwa mitambo. Mafuta aliyoyashughulikia yalikuwa mawese ya Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji wakati huo. Katika mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa esta za mawese kati ya Brussels na Louvain. Biodizeli, basi, ilifanywa kwa zao la Waafrika muda mrefu kabla ya kuletwa tena Afrika kama jambo jipya.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia nayo hufaa. Mabasi ya mji wa Graz, nchini Austria, yalianza katika miaka ya 1990 kuendeshwa kwa biodizeli iliyotokana na mafuta ya mikahawa. Lakini mafuta yaliyopashwa moto mara nyingi pamoja na chakula chenye maji huwa na asidi za mafuta zilizokwisha kuachana na gliserini. Kostiki ikizikuta asidi hizo hufanya sabuni, na sabuni huzuia biodizeli isitengane na gliserini. Ndiyo sababu mafuta hayo huchujwa, hukaushwa na kupimwa asidi yake. Asidi ikizidi, hutibiwa kwanza kwa njia nyingine. Hapa pia lugha yaweza kumpoteza mtu. Kinachoitwa oili chafu katika gereji ni kilainisho cha mtambo, kitokacho katika petroli ghafi, wala hakiwezi kufanywa biodizeli kwa njia hii. Mabaki ya kikaango na mabaki ya gereji yote ni machafu, lakini asili zake ni mbalimbali.

Kosa la namna hiyo hiyo laweza kutokea katika jina la mbono. Neno hili, likisimama peke yake, hutumiwa kwa mimea miwili: mbarika, utoao mafuta ya nyonyo, na mbono kaburi, uitwao pia mbono koma. Mmea huu wa pili asili yake ni Amerika ya Kati. Mbegu zake zina sumu, mifugo haiuli, na watu wameupanda kuwa ua na alama ya makaburi. Jina lenyewe lahifadhi habari hiyo. Mafuta yake hufaa kwa biodizeli. Mafuta ya mbarika yana mnato mkubwa mara kadhaa kuliko mafuta mengine ya mimea, na hata esta zake hubaki nzito kupita kiwango kinachokubaliwa kwa mitambo. Mkulima anayeambiwa "panda mbono" bila neno la pili hajaambiwa apande nini.

Tanzania iliyaona mambo haya kwa vitendo. Katika miaka ya 2000 mbono kaburi ulisifiwa kwamba humea katika ardhi kavu. Ni kweli humea, lakini bila maji na rutuba hauzai sana. Wilayani Kisarawe kampuni ya kigeni ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa kilimo hicho. Katika mwaka 2011 kazi ikasimama, na wanavijiji wakabaki na swali la ardhi yao. Serikali ilikuwa imetoa mwongozo juu ya nishati hizo katika mwaka 2010. Tena, nchi inayoagiza kwa wingi mafuta ya kula kutoka nje haina budi kujiuliza, kila inapopanda zao la mafuta, kama yatakwenda chunguni au mtamboni. Swali hilo haliwezi kuulizwa vizuri kwa neno moja linalobeba vyote viwili.

Majina kadhaa yaweza kupimwa. "Mafuta ya mimea" ni jina la mafuta ya kupikia. "Dizeli ya mimea" huacha nje shahamu ya ng'ombe na mafuta ya samaki. "Nishati ya mimea" ni pana mno, kwa kuwa hata kuni na mkaa ni nishati ya mimea. "Dizeli hai" ni tafsiri ya kiambishi cha Kiyunani, nayo humfanya msikilizaji atafute uhai usiokuwapo. "Biodizeli" ni neno la kigeni, lakini dizeli limekwisha kuzoewa, na lina faida ambayo majina mengine hayana. Mafuta huchukua upatanisho wa ya-, na biodizeli huchukua upatanisho wa i-. Mtu akisema "yalitiwa yakatoka safi," asikiaye hujua kwamba ni mafuta. Akisema "ilitengwa ikasafishwa," hujua kwamba kazi ya kugeuza imekwisha kufanyika. Tofauti huendelea katika sentensi nzima, hata jina lisipotajwa tena.

Kwa hiyo yapendekezwa neno mafuta libaki kwa kitu kabla ya kugeuzwa, likifuatwa na jina la asili yake, na mbono isiandikwe katika mkataba au mwongozo bila neno la pili. Katika kamusi biodizeli iingizwe kwa maana hii: dizeli ifanywayo kwa kuunganisha asidi za mafuta ya mimea au ya wanyama, mapya au yaliyokwisha kutumika, na alikoholi, baada ya kutengwa na gliserini, huendesha mitambo ya dizeli peke yake au ikichanganywa na dizeli ya kawaida, hailiwi.