Dawa ya Kuchua Haivuti Kitu

Hapana swali niulizwalo na watu wenye akili timamu mara nyingi kama hili: je, dawa ya kuchua yenye pilipili ikiwasha hata ngozi ikaiva, si dalili kwamba baridi yabisi inavutwa nje, na kwamba chupa ijayo yafaa iwe kali zaidi? La, haivutwi, wala haikupata kuvutwa. Na kwa kuwa jibu hilo la mkato halijamridhisha mtu, sina budi kulifafanua.

Kiwashacho katika pilipili, yaani kapsaisini, hufungua katika ncha za nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu mlango ule ule ufunguliwao na joto la kuunguza, mlango ambao David Julius wa Marekani na wenziwe waliutambua mwaka 1997. Nyuzi hizo, pamoja na kupeleka habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo, papo hapo humwaga ngozini peptidi zilizoakibishwa humo, mashuhuri zikiwa mbili: dutu P, iliyogunduliwa na Ulf von Euler na John Gaddum mwaka 1931, na CGRP. Hii ya pili hutanua mishipa midogo ya damu, ndipo pakawa na wekundu na joto. Ile ya kwanza huifanya ivuje majimaji, ndipo pakavimba. Wekundu mnaoushangilia, basi, ni kilio cha mshipa wa fahamu uliochokozwa.

Atakaye burhani na asikie. Mapema katika karne ya 20, Ninian Bruce alionyesha kwamba mafuta ya haradali, ambayo kwa kawaida huvimbisha palipopakwa, hayavimbishi kitu pale ambapo mishipa ya hisi ilikatwa zamani ikaisha kufa hadi nchani, ilhali ikiwa imekatwa punde, ncha zikali hai, uvimbe hutokea vilevile. Ikiwa ni baridi itokayo, yahitajia idhini ya mshipa wa fahamu kwa sababu gani? Na asiyeridhika hata hapo auchue mkono wake mzima usiouma: utaiva sawasawa na goti bovu, nami ningependa kuambiwa mkono huo ulikuwa umeficha baridi ipi.

Siikanushi pilipili, nakanusha itikadi. Ikipakwa kila siku kwa majuma, ncha zile huchoka, hufa ganzi na kurudi nyuma, maumivu yakapungua, kisha huota tena dawa ikiachwa. Mwasho ni gharama ya tiba, si tiba yenyewe. (Waliodhani siri yote ni dutu P walitunga dawa za kuizuia, hazikutuliza maumivu ya wanadamu, zikaishia kuzuia matapishi ya wanaotibiwa saratani.)

Alhasili: mwenye goti la uzee apake krimu hafifu ya kapsaisini mara nne kwa siku, anawe kwa sabuni, asiguse macho wala kidonda. Aliyeachiwa maumivu na mkanda wa jeshi aulizie amitriptilini, au bandiko la asilimia 8 libandikwalo hospitalini kwa saa moja. Mwenye kipandauso cha kurudiarudia ajue kwamba tangu 2018 ziko sindano za kuzuia CGRP, ghali mno. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asizichue kwa kitu chochote cha kuwasha, maana ataungua bila kujua. Na goti lililovimba ghafla pamoja na homa halichuliwi kabisa: lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.