Jiko dogo la bedsita yako lina historia ndefu

Kabla hujaendelea kusoma, inuka uende jikoni. Kama unaishi bedsita, si mbali. Ni hatua mbili tatu hivi kutoka kitandani. Hapo kuna sinki, kaunta ya kuwekea meko, na juu yake labda kabati moja la mbao ambalo mlango wake umekataa kufunga. Ukinyoosha mikono unagusa ukuta huu na ule.

Umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba hayo yanakutosha? Utasema ni landilodi. Lakini landilodi naye aliiga mahali. Jiko lililojengewa ukutani, lenye kaunta iliyonyooka, kabati juu na sinki pembeni, lina mwaka wake, lina mji wake na lina mwanamke aliyelichora.

Mji ni Frankfurt, Ujerumani. Mwaka ni 1926.

Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeacha Ujerumani na uhaba mkubwa wa nyumba. Familia za wafanyakazi zilibanana katika vyumba vichache, na kwa wengi jikoni ndipo palipikwa, palioshewa watoto na usiku pakalaliwa. Mnamo 1925 mji huo ulimpa kazi Ernst May, msanifu majengo aliyezaliwa papo hapo Frankfurt, asimamie mpango wa kujenga mitaa mipya. Katika muda wa miaka mitano hivi, nyumba zaidi ya 10,000 zilisimama.

May hakuanza na karatasi tupu. Fikra zilikuwa zimechemka kwa miongo kadhaa. Kule Chicago, Louis Sullivan alikuwa ameandika mwaka wa 1896 kwamba umbo la jengo lifuate kazi yake. Kule Vienna, Adolf Loos aliwachokoza watu kwa kudai kwamba nakshi na mapambo ni kupoteza jasho la fundi na pesa za mnunuzi. Shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar mwaka wa 1919, ilikuja kufundisha wanafunzi kubuni viti, taa na birika ambavyo kiwanda kingeweza kutoa kwa wingi. Naye Le Corbusier, katika kitabu chake cha 1923, aliifananisha nyumba na mashine ya kuishi ndani yake.

Hawa hawakukubaliana kwa kila kitu. Ila swali lao lilikuwa moja: kitu hiki ni cha kazi gani, na kitamfikiaje mtu wa kawaida?

Sasa njoo jikoni tena. May alimwita kutoka Vienna msanifu wa kike, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyezaliwa 1897. Enzi hizo mwanamke kusomea usanifu majengo lilikuwa jambo la kushangaza. Akapewa kazi ya jiko.

Alifanya nini? Alihesabu hatua. Alikuwa amesoma maandishi ya Mmarekani Christine Frederick, aliyechukua mbinu za viwandani za kupima kazi kwa saa na kuzipeleka nyumbani. Kutoka sinki hadi jiko ni hatua ngapi? Mama akikata mboga, taka anazitupa wapi? Aliangalia pia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambapo wapishi wachache hulisha abiria wengi ndani ya nafasi finyu kama ujia.

Akatoa jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Meza ya kukatia iliwekwa chini ya dirisha ili mwanga uangukie kazi. Kulikuwa na stuli ya kuzunguka, ili mtu akatekate ameketi. Kulikuwa na droo ndogo za alumini zenye majina: mchele, sukari na kadhalika. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Mlango wa kuteleza uliruhusu mama awaone watoto sebuleni huku akikoroga sufuria. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt, na wanahistoria wengi wa ubunifu huliona kama mama wa majiko ya kisasa ya kujengewa ukutani.

Tena, Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri uzeeni kwamba alipolichora hakuwa mpishi wala hakuwahi kuendesha nyumba. Halikuwa jiko lisilo na kasoro pia. Watu wawili hawakuweza kupika pamoja bila kugongana. Watoto walizifikia zile droo za chini. Na baadaye watetezi wa wanawake walilalamika kwamba lilimfungia mama peke yake. Lakini nyuma yake kulikuwa na wazo zito: kazi ya nyumbani ni kazi, na muda wa anayeifanya una thamani.

Sasa tupige hesabu kidogo. Mita 1.9 mara 3.4 ni kama mita 6.5 za mraba. Ile singo tunayoiita “ten by ten”, yaani futi 10 kwa 10, ni mita za mraba 9 na ushee. Maana yake jiko la mfanyakazi wa Frankfurt, lile walilosema ni dogo, lilikuwa zaidi ya thuluthi mbili ya chumba chako chote. Chumba unacholala, unachopikia, na wikendi mabeshte wakija ndicho sebule.

Tulifikaje hapa?

Mnamo 1929 wasanifu wa kisasa kutoka nchi mbalimbali walikutana hapo hapo Frankfurt kujadili swali moja: nyumba ndogo kabisa ambayo binadamu anaweza kuishi vizuri ndani yake ni ipi? Hawakuliuliza ili kumbana mpangaji. Walijua kwamba nyumba kubwa haingemfikia maskini, basi wakatafuta kiwango ambacho mtu hapaswi kushushwa chini yake. Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus, alitoa hoja ambayo ingefaa kubandikwa kwenye geti la kila ploti Nairobi. Alisema mtu anahitaji mwanga na hewa kuliko ukubwa wa chumba. Kwa hiyo punguza chumba, lakini ongeza dirisha.

Hayo yalikuwa mapatano. Unanipunguzia nafasi, unaniongezea jua. Katika mtaa wa Römerstadt, mmoja wa mitaa ya May, nyumba zilikuwa na umeme, na karibu nazo palikuwa na bustani ambapo mtu angepanda mboga. Na hata hivyo mradi haukutimiza ahadi yote, kwa sababu kodi ilibaki juu kwa wale maskini zaidi.

Usidhani hadithi hii iliishia Ulaya. May aliondoka Frankfurt mwaka wa 1930 na kundi la wasanifu, Schütte-Lihotzky akiwemo, kwenda kupanga miji Muungano wa Sovieti. Wanazi walipotwaa Ujerumani, May, ambaye alikuwa na asili ya Kiyahudi, hakuweza kurudi kwao. Mwaka wa 1934 alikuja Tanganyika akawa mkulima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa, iliyopindwa ili inase upepo wa bahari, ilikuwa yake. Na mwaka wa 1947 alikamilisha mpango wa kupanua mji wa Kampala.

Huku kwetu wazo lile lilikutana na ukoloni, likapinda. Mpango wa Kampala ulifuata mgawanyo wa wakati huo, wakazi wakitengewa sehemu kwa rangi na tabaka. Nairobi nayo, kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika kama kibarua wa kiume anayepita tu, aliyehitaji nafasi ya kitanda mjini, huku mkewe na watoto wakibaki mashambani. Swali la Frankfurt lilikuwa mtu anahitaji nini. La mkoloni lilikuwa huyu anatosheka na kiasi gani.

Ukitembea leo katika vichochoro vya Pipeline, utaona ni swali lipi lililorithiwa. Ghorofa zimebanana kiasi kwamba jirani akifungua dirisha anakusalimia kwa mkono. Taa inawaka saa sita mchana. Chumba kilipunguzwa sawasawa, kama walivyosema wasanifu. Dirisha lililoahidiwa halikuja. Landilodi alibeba nusu ya wazo, ile nusu inayomletea doo, akaiacha nusu iliyokuwa yako.

Sisemi uhame kesho. Kodi tunazijua, na wengi wetu keja tunachukua ile inayolingana na mfuko. Lakini unapotafuta nyumba, usihesabu vigae na rangi ya kuta pekee. Nenda mchana, uzime taa, uone kama unaweza kusoma ujumbe kwenye karatasi. Fungua dirisha uone linatazama nini. Simama jikoni ujifanye unapika ugali: sufuria ya moto utaitua wapi? Moshi na mvuke vitatokea wapi? Kama kuna vyumba viwili vya bei moja, chukua kidogo chenye jua badala ya kikubwa chenye giza. Hapo utakuwa umefuata hesabu ya Gropius bila hata kwenda darasani.

Na wewe unayesomea usanifu majengo, uhandisi au mipango miji, jambo hili linakuhusu mara mbili. Siku moja mteja atakuambia umpangie vyumba 80 kwenye kipande cha futi 50 kwa 100. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Neno “kutosha” halina kipimo cha futi ndani yake. Atakayeshika kalamu ndiye atakayelipa maana, kama yule binti wa Vienna alivyokaa chini akahesabu hatua za mtu ambaye hakumjua.

Haya, rudi jikoni. Chai imeshamwagika.