Jibu la Akili Mnemba Limetoka Wapi?

Mwanafunzi wa uuguzi anaiuliza zana ya utafutaji iliyomo katika jukwaa lake la masomo ya mtandaoni: je, mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu apewe dripu ya haraka? Zana inajibu kwa ufasaha kwamba apewe, bila kutaja chanzo.

Kwa miaka mingi vitabu vilivyotungwa kwa kuzingatia hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi vilifundisha hivyo. Mwaka 2011, utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ulionyesha kinyume. Ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5 ya waliopewa dripu ya haraka walifariki, ilhali kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 7.3. Watoto wenye kuharisha hawakujumuishwa, nao ni muhimu wasisahaulike.

Zana hizi aghalabu hukusanya vipande vya maandishi vinavyokaribiana na swali, kisha huviunganisha kuwa jibu moja. Hapo ndipo mwaka, nchi na aina ya wagonjwa hupotea. Hata kuorodhesha vyanzo chini ya jibu hakutoshi, kwani chanzo chaweza kuwapo kweli na kisiseme kinachodaiwa. Zana inayowafaa wanafunzi wa tiba humfungulia msomaji aya yenyewe iliyotumika, ikamwonyesha mwaka wake na wagonjwa waliochunguzwa. Na isipopata chanzo, husema hivyo waziwazi.