Jiko la Nyumba Kongwe Baada ya Moto: Anza na Yasiyoonekana

Familia iliyounguliwa nyumba hutamani kwanza kurudi jikoni. Watoto wakishapata uji mahali pao pa kawaida, na mgeni akichemshiwa chai, nyumba huhesabika kuwa nyumba tena. Haraka hiyo inaeleweka, lakini ndiyo huzaa makosa ya gharama kubwa. Ukuta uliopigwa lipu mpya waweza kuficha waya uliokwisha kuungua, na dari nyeupe yaweza kufunika kenchi iliyoliwa na moto hadi nusu ya unene wake.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya makala haya, wa mama mkulima wa viazi mkoani Njombe. Nyumba yake ya shambani ameirithi kwa baba yake. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kenchi ni za mbao, jiko ni la kuni lenye dohani, na umeme ulifungwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa. Moto umeteketeza dari na sehemu ya paa la jikoni. Fedha za ukarabati ni mauzo ya msimu mmoja, wala hazitapatikana nyingine hadi mavuno yajayo. Fundi wa kwanza anamwambia: "Shikamoo, mama. Pole sana. Lakini kuta zimesimama, na taa za sebuleni zinawaka. Tupige lipu, tupaue, baada ya wiki mbili unapika."

Makala haya yanamsaidia mama huyo, na kila mtumiaji aliye katika hali yake, kujua la kujibu. Ushauri wetu kwa ufupi ni huu: fedha ya kwanza iende kwenye mambo yasiyoonekana, na kila malipo yawe na karatasi yake.

Kabla ya kuzoa majivu

Usiingie jikoni kabla umeme haujakatwa. Mita ya LUKU na waya unaoingia kwenye nyumba ni mali ya TANESCO. Fundi binafsi haruhusiwi kukata lakiri ya mita wala kurudisha umeme kwa njia zake. Toa taarifa TANESCO, ueleze kwamba nyumba iliungua.

Piga picha za kila upande kabla ya kusafisha, kisha andika orodha ya vitu vilivyoharibika. Omba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji taarifa ya maandishi ya tukio. Ikiwa nyumba ina bima, mjulishe mwenye bima mapema na usitupe mabaki kabla hajayakagua. Picha na taarifa hiyo ndizo ushahidi wako. Majivu yakishazolewa, hautapatikana mwingine.

Nyumba za zamani huweza kuwa na paa au dari ya asbesto. Vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Ukiona vipande vya kijivu vyenye nyuzinyuzi, usivivunje, usivifagie vikiwa vikavu, wala usivifukie shambani. Vimwagie maji ili vumbi lisiruke, uwaondoe watoto, kisha mwone afisa mazingira au afisa afya wa halmashauri yako.

Kuta, kenchi na bati

Ni kweli kwamba tofali la kuchoma huhimili moto, kwa kuwa lenyewe limetoka motoni. Udhaifu uko kwenye kiungio. Udongo uliounganisha matofali hulowa kwa maji ya kuzimia moto na kupoteza nguvu, hivyo ukuta unaoonekana imara siku ya kwanza waweza kuinama baada ya wiki. Uache ukauke, kisha fundi aupime kwa timazi na kuchokonoa viungio kabla ya kuubebesha paa jipya.

Mahali penye zege, kama vile lenta, rangi husema mengi. Zege nyingi hugeuka kuwa na wekundu hafifu zikipata joto la nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi, na hapo nguvu huwa imeanza kupungua. Nondo na chuma hubakiwa na takribani nusu ya nguvu vikifika nyuzi 550, na moto wa chumba hupita kiwango hicho kwa urahisi. Lenta yenye rangi hiyo, nyufa au nondo zilizojitokeza ikaguliwe na mhandisi, ama mhandisi wa halmashauri au wa kujitegemea.

Kenchi iliyobabuka isipakwe rangi ili kuficha weusi. Fundi akwangue kaa mpaka afikie mti mzima, kisha apime unene uliobaki, kwa sababu huo peke yake ndio unaobeba paa. Bati nalo lina siri yake: zinki inayolikinga na kutu huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Bati lililobadilika rangi kwa moto laweza kuonekana zima, lakini litashika kutu mapema kuliko mengine.

Masizi nayo yaondolewe kwa brashi kavu kabla ya maji kugusa ukuta. Ukipaka rangi juu ya masizi, harufu ya moshi hurudi kila hewa inapokuwa na unyevu.

Umeme: taa kuwaka hakutoshi

Hapa ndipo kauli ya fundi wetu ina hatari kubwa zaidi. Taa kuwaka kunathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme unapita. Hakuthibitishi kwamba unapita kwa usalama.

Ganda la plastiki la nyaya za kawaida za nyumbani limetengenezwa kuhimili joto la nyuzi 70. Juu ya dari iliyoungua joto hilo lilipitwa ndani ya dakika chache, hata pale ambapo miali haikufika. Ganda lililokauka hupasuka polepole, na nyaya zikigusana miezi sita baadaye moto wa pili huanzia darini, usiku, watu wakiwa wamelala. Zaidi ya hayo, plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi ambayo ikichanganyika na unyevu huwa tindikali, nayo hula shaba kwenye soketi na swichi. Kwa hiyo nyaya zote za jikoni, na zote zilizopita kwenye dari iliyoungua, zibadilishwe. Nyaya za vyumba vingine zipimwe kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega. Kipimo cha ganda kisipungue megaomu 1. Dai matokeo kwa maandishi.

Nyumba ya zamani ina tatizo jingine: ilifungiwa umeme wa taa na redio. Leo mama huyo ana birika la wati 2,000 na jiko la sahani mbili la wati 2,500. Gawanya wati kwa volti 230 upate ampia. Vifaa hivyo viwili vikitumika pamoja huvuta karibu ampia 20, mzigo ambao waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 haupaswi kubebeshwa. Kwa kawaida njia ya soketi hufungwa waya wa milimita za mraba 2.5, na jiko kubwa la umeme huwa na njia yake peke yake yenye waya mnene zaidi. Kila njia iwe na sakiti breka inayolingana na waya wake. Breka kubwa kwenye waya mwembamba haimlindi mtu, kwa kuwa waya utaungua kabla breka haijakata. Hakikisha pia nyumba ina waya wa ethi unaofika ardhini kweli, pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Kuomba kuiona leseni ni haki yako, wala si kumkosea fundi heshima. Soma jina, daraja na tarehe ya kuisha.

Gesi na dohani

Wengi baada ya moto huamua kuhamia kwenye gesi ya mitungi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa na kutuama chini. Mtungi usimame wima mahali penye hewa, mbali na moto na soketi, wala usiwekwe ndani ya shimo. Acha tundu la hewa karibu na sakafu. Uvujaji hukaguliwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mtungi uliopitiwa na moto usijazwe tena wala usiuzwe kwa jirani. Urudishe kwa wakala, umweleze ukweli.

Unaponunua, dai mtungi upimwe kwa mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukiutoa kwenye uzito wa jumla utajua kiasi cha gesi unacholipia.

Ukibaki na jiko la kuni, dohani ikaguliwe kabla ya kuwashwa. Fundi awashe majani mabichi kidogo, aangalie darini kama moshi unapenya kwenye nyufa. Mbao za paa zisigusane na dohani.

Karatasi kabla ya saruji

Wahenga walisema rahisi ghali. Nyaya bandia huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu shaba yake ni pungufu. Nunua zenye alama ya ubora ya TBS, dukani penye anwani, na udai risiti ya EFD.

Andikianeni na fundi, hata kwa ukurasa mmoja: kazi gani, vifaa vya aina gani, nani atavinunua, bei, na tarehe ya kumaliza. Lipa kwa hatua, na ubakize sehemu ya malipo mpaka vipimo vifanyike. Lipu isipigwe kabla hujapiga picha za mabomba ya nyaya ukutani. Picha hizo zitamwongoza fundi yeyote atakayekuja baadaye.

Kukiwa na kasoro, mweleze kwanza fundi au muuzaji kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiporidhika, suala la fundi umeme, huduma ya umeme au gesi lilete EWURA. Bidhaa isiyokidhi viwango ipeleke TBS, bidhaa bandia Tume ya Ushindani, na mgogoro wa bima TIRA. Lalamiko lenye risiti na picha hushughulikiwa kwa wepesi kuliko lenye maneno matupu.

Turudi kwa mama wa Njombe. Jibu lake kwa fundi laweza kuwa la upole: "Marahaba, mwanangu. Nionyeshe kwanza leseni ya atakayefunga nyaya, unipimie zilizobaki, na tuandikiane. Lipu itasubiri." Huenda fedha zisitoshe vigae wala makabati msimu huu. Atapikia mbele ya ukuta usiopakwa rangi hadi mavuno yajayo. Si hasara, maana makabati hununuliwa wakati wowote, na chini ya dari ile wajukuu wake watalala salama.